Baba kaacha kutetemeka ila kapoa kabisa: ni zile waya za kwenye ubongo?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, Parkinson ilimuanza 2014. Mwezi wa tatu mwaka huu tulimpeleka India akawekewa zile waya za kwenye ubongo na betri kifuani. Kutetemeka kumeisha, anatembea, vifungo vya shati anafunga mwenyewe. Ila toka mwezi wa saba hivi amekuwa mtu mwingine. Anakaa tu. Barazani haendi, mpira haangalii, wajukuu wakija anawatazama basi. Maneno nayo yanamgomea, anaanza kusema anaishia njiani. Dawa walimpunguzia kutoka vidonge vinane kwa siku mpaka vitatu. Mama anasema wamemharibu akili. Ni ugonjwa umepanda au ni mashine? Tuizime? (Binti, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole sana. Kwanza kabisa mashine msizime. Baba sasa hivi dawa zake ni kidogo, mwili wake unategemea ule umeme, ukikatwa ghafla anaweza kukakamaa mwili mzima, ashindwe kugeuka kitandani, ashindwe hata kumeza, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Sasa kilichonishtua mimi kwenye maelezo yako sio waya, ni vidonge vinane kuwa vitatu. Vidonge hivyo vinafanya kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo inayopungua kwa mgonjwa wa Parkinson. Watu wengi wanadhani dopamini ni ya kutembea tu, hapana, ndiyo hiyohiyo inayompa mtu hamu: hamu ya kutoka, ya kuongea na watu, ya kujua Simba na Yanga nani kashinda. Umeme unasaidia sana upande wa mwili kwa hiyo madaktari wanaona mgonjwa anatembea vizuri wanashusha dawa, na kushusha ni sawa kabisa, mara nyingi ndio faida mojawapo ya operesheni, ila ule upande wa hamu umeme hauulishi kama dawa ilivyokuwa inaulisha. Ukishusha nyingi kwa haraka mwili unabaki mzima, moyo unapoa. Wafaransa walilifuatilia hili wakalichapisha 2010, wagonjwa 63 walioshushiwa sana dawa baada ya operesheni: 34 walipoa namna hiyo ndani ya mwaka, kwa wastani ilianza kwenye mwezi wa tano baada ya upasuaji, na 17 wakapata sonona. Hesabu na wewe, machi mpaka julai au agosti. Ndio maana nasema hapa pa kuanzia ni dawa. Na habari njema ni kwamba hali hii mara nyingi inaisha, kwa wengine yenyewe taratibu, kwa wengine wakiongezewa levodopa (dawa kuu ya Parkinson) kidogo au dawa za jamii ya pramipexole, zinazoiga dopamini. Lakini aongeze daktari, sio nyie nyumbani.

Kupoa na sonona sio kitu kimoja ingawa vinatembea pamoja. Aliyepoa ukimuuliza unaumwa atakwambia siumwi, hana huzuni, hana chochote, ukimshika mkono mkaenda barazani anakwenda na anaweza hata kucheka akifika. Mwenye sonona ana uzito ndani, analia au anataka kulia, hapati usingizi, anajiona mzigo. Kaa na baba mkiwa wawili tu umuulize, na umuulize waziwazi kama amewahi kuwaza kufa au kujidhuru. Najua kwetu swali hilo ni zito kumuuliza mzazi, ila kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na kwa watu waliofanyiwa operesheni hii hatuwezi kuliruka. Kuna uchunguzi wa 2008 uliokusanya wagonjwa zaidi ya 5,000 kutoka vituo vingi duniani, waliojiua walikuwa kama 0.45 kwa mia, waliojaribu 0.9 kwa mia, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari kubwa. Ni wachache lakini baba yako yuko kwenye mwaka huohuo. Akisema ndiyo, siku hiyohiyo mpelekeni hospitali, asiachwe peke yake.

Mashine nayo siitoi kwenye kesi. Angalia karatasi ya kuruhusiwa, kama waya ziko sehemu wanayoandika STN basi jua ni kaeneo kadogo sana, milimita chache tu, na ndani yake kuna upande unaohusika na mwendo, upande wa kufikiri na upande wa hisia, vyote vimebanana. Umeme ukimwagikia upande usio wake unaona mambo. Kuna mgonjwa mmoja wa Paris anajulikana sana kwetu sisi wa fani hii, taarifa yake ilitoka 1999, mama wa miaka 65, walipowasha nukta moja ya waya alianza kulia anasema hataki tena kuishi, walipozima haikufika hata dakika mbili akarudi kama kawaida. Wengine inakuwa kinyume, anachangamka kupita kiasi, halali, anagawa hela. Dalili ya kwamba ni umeme ni hiyo ya wakati: mabadiliko yanakuja saa au siku chache baada ya mashine kurekebishwa. Kwa hiyo mkumbuke mara ya mwisho waliigusa lini. Kama ni umeme dawa yake ni kubadilisha nukta inayowaka au kupunguza nguvu, hakuna kisu tena. Kama zimewekwa GPi, sehemu nyingine ya ubongo, niandikie tena, maana pale mambo ya hisia yanakuwa tofauti kidogo. Wamarekani walilinganisha sehemu hizo mbili kwa wagonjwa 299, matokeo yakatoka 2010, mwendo ulifanana ila wa STN walipunguza dawa zaidi na hali ya hisia ikashuka kidogo, wa GPi ikapanda kidogo.

Kuhusu maneno kumgomea, hili sitakudanganya, hili huenda likabaki. Ndio badiliko la kufikiri linaloonekana zaidi baada ya operesheni hii. Unamwambia mtu taja wanyama wote unaowajua ndani ya dakika moja, anataja wachache kuliko alivyotaja kabla. Wajerumani 2008 waliangalia wagonjwa 123, nusu wamefanyiwa na nusu wanatumia dawa tu, waliofanyiwa walishuka kwenye kutoa maneno lakini akili kwa ujumla haikushuka kuliko ya wenzao na wasiwasi ulipungua. Inaonekana sehemu kubwa inatokana na njia waya ilikopita wakati inaingia. Kwa hiyo mwambie mama akili ya baba haijaharibiwa, neno analijua, linachelewa kutoka. Msimmalizie sentensi, mpeni muda, TV izimwe wakati wa maongezi.

Kitu kingine kabisa ni kama anapotea njia ya nyumbani, anasahau alichokula asubuhi, anaona watu ambao hawapo. Hilo sio la maneno kugoma. Likija ghafla ndani ya siku mbili tatu tafuteni homa, malaria, UTI, na kama alianguka akapigwa kichwa apigwe CT. Likija polepole, ulizeni hospitali ya India vipimo vya kumbukumbu walivyomfanyia kabla ya operesheni, kwa kawaida wanafanya, bila hivyo hakuna cha kulinganisha nacho.

Na tafadhali sana, akienda hospitali yoyote kwa ajili ya hii hali, semeni mapema ana Parkinson. Asipewe haloperidol (dawa ya kumtuliza aliyechanganyikiwa), na akitapika asipewe metoclopramide (ile wengi wanaiita Plasil), zote mbili zinafunga dopamini na zitamrudisha nyuma vibaya.

Kuna na la nyumbani. Baba amekuwa mgonjwa zaidi ya miaka kumi, mama amekuwa mikono na miguu yake, sasa ghafla anajifunga vifungo. Hilo nalo linawatikisa watu, mume na mke, nimeona ndoa zikiingia matatani wakati mwili wa mgonjwa ndio umepona. Mama naye aulizwe yukoje.

Sasa fanyeni hivi wiki hii, sio mwezi ujao. Mtafuteni daktari wa neva, Dar wapo, aangalie dozi, na huohuo muda wapigieni India muwaambie haya haya uliyoniandikia, baadhi ya mashine mpya zinarekebishwa kwa intaneti bila kusafiri. Mwende na karatasi ya kuruhusiwa, kadi ya mashine, orodha ya dawa za kabla na za sasa na tarehe zilipopunguzwa. Wakimuongezea pramipexole au mwenzake, simu ya baba na M-Pesa yake muwe mnaiangalia kwa heshima, maana dawa hizo kwa baadhi ya watu zinaleta kubeti kusikokwisha, kununua vitu ovyo au tamaa ya mapenzi isiyo ya kawaida yake, na yeye mwenyewe hatawaambia. Mkiona hivyo daktari ajue mapema, dozi inashushwa na yanapungua.