Mizani Mpya na Daftari la Maziwa: Barua kwa Mwanangu

Njoro, Nakuru

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na mama yako anauliza kama unakula vizuri.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema chama cha ushirika cha maziwa huko Kakamega kimekupa kazi ya kuhamisha hesabu zao kutoka kwenye madaftari hadi kwenye simu na mizani ya kielektroniki. Unaniuliza, kwa kuwa nimekuwa karani wa maziwa, uanzie wapi, na makarani waliopo watabaki na kazi gani.

Anzia kituoni alfajiri, kompyuta ikiwa bado mkobani. Simama kando ya karani utazame maziwa yanavyopokelewa, kwa sababu mengi hayamo daftarini. Enzi zetu tulipima kwa mizani ya mshale. Mshale ukisimama kwenye saba na kitu, karani aliandika saba, au saba na nusu akiwa na moyo mzuri. Mkulima alinung'unika akaenda zake. Vile vipande ndivyo vilivyofidia maziwa yaliyomwagika njiani, yaliyobaki kwenye mikebe na yaliyochacha kabla ya kufika kwenye mtambo wa kupoza (na wapo makarani waliovila, nisikufiche). Jioni jumla ya daftari na jumla ya tangi zikakaribiana, mambo yakaisha.

Mizani yako itaandika 7.8, na meseji itamfikia mkulima akiwa bado ameshika ndoo yake. Ni haki yake kabisa. Lakini barabara ni ile ile na mikebe ni ile ile, kwa hiyo maziwa yataendelea kupotea, ila sasa hakuna pa kuyaficha. Mwezi wa kwanza chama kitajikuta kinalipia maziwa ambayo hakikuyauza, na wanakamati watasema programu yako ni mbovu. Waulize mapema: upotevu wa njiani utabebwa na nani? Hilo liamuliwe na mkutano wa wanachama, usilibebe wewe.

Uliza pia kama wanalipa kwa kilo au kwa lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Ukipima kwa kilo halafu ukalipa kana kwamba kila kilo ni lita, mkulima anapata ziada kidogo. Kwa mkebe mmoja si kitu, kwa chama kizima ni pesa. Wakiamua vyovyote, iandikwe kwenye risiti.

Upande wa malipo sina mengi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, watu wamezoea kupokea pesa wakiwa kwao, na foleni ya mwisho wa mwezi hakuna anayeililia. Ila tazama nambari iliyoandikishwa ni ya nani. Katika nyumba nyingi ninazozijua huku, mama ndiye anayekamua na kupeleka maziwa, lakini uanachama ni wa mzee. Zamani mama alishika kadi mkononi, akajua kilo zake hata kama pesa zilichukuliwa na mwingine. Meseji ikienda kwa mzee peke yake, mama hata hizo kilo hazijui tena. Weka nafasi ya nambari mbili. Na orodha hiyo ya nambari na madeni usimpe kila muuza dawa za mifugo anayeiomba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlinda mkulima kama inavyomlinda mtu wa mjini.

Patakapobadilika zaidi ni dukani, kwenye chakula cha ng'ombe kinachochukuliwa kwa mkopo wa maziwa. Mwenye duka alikuwa akisubiri daftari la kituo, na katikati ya mwezi alikopesha kwa kutazama sura. Sasa ataona kilo za asubuhi hiyo hiyo, na mgeni asiye na ndugu kwenye kamati atapata gunia lake bila kutafuta wa kumsemea. Hilo nalisifu. Lakini yupo mama ambaye ng'ombe wake amekauka akisubiri kuzaa. Mashine itaona sufuri na kumkatalia, wakati huo ndio ng'ombe anahitaji kulishwa vizuri. Mwenye duka aruhusiwe kuipinga mashine, mradi jina lake na sababu vibaki humo.

Sasa makarani. Mizani haitambui maji. Maziwa mazuri husoma kati ya 1.028 na 1.032 kwenye laktomita (kile kifaa kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji), yakitiwa maji yanashuka, na lazima awepo mtu wa kuitumbukiza, kunusa, na kumwambia jirani yake kwamba leo maziwa yamekataliwa. Mashine ikikataa maziwa ya mtu, atatafuta binadamu wa kugombana naye. Kwa hiyo waliokuwa wakijumlisha usiku wapewe kupima ubora na kusikiliza malalamiko, na waambiwe kabla mizani haijafika, la sivyo utashangaa jinsi betri zitakavyokuwa zikiisha chaji kila asubuhi.

Daftari lisitupwe mara moja. Daftari na mashine viende pamoja kwa miezi miwili ya malipo, na kila jioni karani na mwenye tangi waweke sahihi kwenye tofauti, hata ikiwa kubwa. Fundi wa programu asimaliziwe pesa zake kabla ya hapo.

Ni mimi,
Baba yako