Kabla Hujaishangilia IC50 Yako

Wanafunzi wa uzamili huniletea grafu wakiwa na furaha tele. Kampaundi yao imeua vimelea vya malaria, IC50 (kiwango cha kampaundi kinachozuia nusu ya vimelea) iko chini ya maikromola moja, na wanataka kujua watachapisha wapi. Nafurahi nao, kisha nawauliza: imeua nini kingine? Na je, inayeyuka kwenye maji? Kwa miaka niliyofanya kemia ya dawa hapa Nairobi, nimeona kazi nyingi zikikwama kwenye maswali haya mawili kuliko penginepo pote.

Chukua muthiga, mti wa dawa. Wengi wetu tulitafunishwa gome lake utotoni tukiwa na kikohozi. Ule ukali unaochoma ulimi hutokana na molekuli kama warburganali na muzigadiali, ambazo wanakemia walizichunguza miaka ya 1970 walipoona viwavijeshi wakikataa majani yaliyopakwa. Kila moja ina aldehidi mbili (vikundi vya atomi vinavyoingia kwenye mmenyuko kwa urahisi) zilizokaribiana, na aldehidi hizo hunasa vikundi vya amino vya protini zinazokutana nazo. Ijaribu kwa bakteria, kuvu au seli za saratani, utapata matokeo ya kupendeza kotekote. Tatizo ni kwamba protini za mgonjwa zina amino zilezile. Heshima yangu kwa muthiga ni kubwa, lakini molekuli inayoshambulia kila kitu siichukui kuwa mwanzo mzuri wa dawa.

Kwa hiyo, siku unayopima vimelea, pima na seli za mamalia. Seli za Vero, za figo ya tumbili, zinatosha kwa kuanzia. Gawanya CC50, yaani kiwango kinachoua nusu ya seli hizo, kwa IC50. Uwiano usipofika 10, mimi siendelei. Weka klorokwini, dawa ya malaria inayojulikana, kwenye sahani ileile ya majaribio, na visima vyenye DMSO (kiyeyushi cha kampaundi) peke yake, la sivyo hutajua kama kilichoua ni kampaundi au kiyeyushi. Pitisha pia mchoro wa molekuli yako kwenye SwissADME, programu ya bure mtandaoni inayokadiria tabia za molekuli kama dawa. Itakuonya ukiwa na maumbo yanayojulikana kudanganya majaribio, yale ambayo Baell na Holloway waliyaorodhesha mwaka 2010: rodanini, kwinoni, katekoli na mengineyo. Onyo hilo si hukumu. Linakutaka uthibitishe matokeo kwa jaribio la aina nyingine.

Sasa maji. Artemisinini, dawa ya malaria ambayo mwanasayansi wa China Tu Youyou na wenzake waliifikia mwaka 1972 na ikampa Nobel mwaka 2015, haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Wanakemia waliipunguza (kwa kuiongezea hidrojeni) kabonili yake, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi mbili, wakapata mahali pa kuunganishia mkia mpya. Mkia mmoja ukatoa artemetha, inayopenda mafuta. Mwingine ukatoa artesuneti, inayoweza kudungwa kwenye mshipa mgonjwa akiwa mahututi. Daraja la peroksaidi (oksijeni mbili zilizoungana) halikuguswa, kwa sababu ndilo linaloua kimelea. Napenda sana mfano huu. Kabla ya kubadilisha chochote kwenye molekuli yako, ujue sehemu ipi haiguswi.

Kuhusu kanuni za Lipinski za 1997, zinazokadiria kama molekuli itafyonzwa ikimezwa, zitumie kama tahadhari. Lumefantrini iliyo kwenye vidonge vya malaria vya AL (artemetha na lumefantrini) ina uzito wa molekuli unaokaribia 529, juu ya kikomo cha 500, na inapenda mafuta kupita kiasi. Bado inaponya, ila ndiyo sababu zahanati hukuambia umeze na maziwa au chakula chenye mafuta.

Kwenye usanisi, yaani kutengeneza molekuli yenyewe, hapa kwetu kitendanishi kikiagizwa huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Usibuni molekuli ambazo kila moja inahitaji njia yake. Buni njia moja ambayo matawi yake yako hatua ya mwisho. Tengeneza asidi ya kati kwa wingi, isafishe vizuri, kisha uiunganishe na amini mbalimbali kupata amidi tofauti. Hakikisha kwa HPLC (mashine inayotenganisha na kupima vilivyomo kwenye sampuli) kwamba usafi umefika angalau asilimia 95 kabla ya kumpa mwanabiolojia chochote. Mabaki kidogo ya zinki kutoka hatua ya awali yanaweza kuzuia kimeng'enya, na sifa zikaenda kwa molekuli isiyofanya lolote.

Amini chache zinatosha kwa duru ya kwanza: moja ndogo, moja yenye mnyororo wa mafuta, moja yenye pete ya benzini, na mofolini, amini ya pete yenye oksijeni, ya kusaidia uyeyukaji. Matokeo yakirudi, utakuwa umejua upande ule wa molekuli unataka nafasi, mafuta au maji, kabla hujaagiza chupa nyingine.