Kaskazini mwa Kenya au kaskazini ya Kenya?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Kisumu. Tukisoma habari za eneo lililoitwa NFD (Northern Frontier District, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini) enzi za ukoloni, wanafunzi wengine huandika "kaskazini ya Kenya", wengine "kaskazini mwa Kenya". Magazetini naziona zote mbili. Nikosoe ipi? Na "shifta" ni Kiswahili?

JIBU: Mwalimu, kosoa "kaskazini ya Kenya", lakini waeleze sababu, maana sababu yenyewe ni tamu.

Kaskazi ni upepo uvumao pwani kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Tia -ni ya mahali, unapata kaskazini, kule upepo huo unakotoka. Kusi nao ukatupa kusini. Kwa hiyo maneno haya yana tabia ya nyumbani na mtoni: hufuatwa na pa, kwa au mwa, na mwa ni ya ndani. Nyumbani mwa bibi ni ndani ya kuta zake. Basi kaskazini mwa Kenya ni Marsabit, Wajir, Mandera, ndani ya Kenya yenyewe. Ukisema kaskazini ya Kenya umeshavuka mpaka, uko Ethiopia.

Magharibi halina hiyo -ni, ni neno la Kiarabu, ila limefuata mkondo uleule. Kisumu iko magharibi mwa Kenya. Uganda iko magharibi ya Kenya. Hata waandishi wazito huteleza hapa. Kila siku tunasoma "nchi zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara", na huku wanakusudia Zambia na Msumbiji. Kwa mwa hiyo wameziweka mchangani, ndani ya jangwa. Iwe kusini ya Sahara.

Sasa turudi kwenye somo lako, kwa sababu humo "ya" na "mwa" zina uzito ambao sarufi peke yake haiubebi. Nina jirani hapa Nakuru, mama mzaliwa wa Moyale, ambaye mpaka leo husema "nilipokuja Kenya". Nilipomuuliza, aliweka kikombe cha chai chini, akachora mstari mezani kwa kidole kilicholowa. "Hapa Isiolo," akasema. "Huku kwetu. Huku Kenya." Alipokuja mara ya kwanza walishushwa kwenye kizuizi cha Isiolo, wakaulizwa vitambulisho, wakaulizwa wanaenda kwa nani. Msemo huo si wake peke yake. Utausikia kwa wazee wengi wa kule.

Ukiupima msemo huo kwa sarufi, kwao mama huyu ni kaskazini ya Kenya. Simkosoi. Sheria ya mwaka 1902 iliwapa maofisa wa kikoloni uwezo wa kuyafunga maeneo ya pembezoni, mtu asiingie bila kibali, na ile ya 1934 ikabana hata nyendo za wenyeji wenyewe. Uhuru ulipoingia Desemba 1963, kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kule, na vita kati ya serikali na waliotaka eneo hilo liungane na Somalia vikaendelea hadi makubaliano ya Kenya na Somalia huko Arusha, Oktoba 1967. Serikali ndiyo iliyoandika "ya" mahali pa "mwa", na miaka mingi. Mwanafunzi akinukuu maneno ya wazee kama hao, ayaache yalivyo ndani ya alama za kunukuu. Kwenye sentensi yake mwenyewe aandike mwa, kwani watu wale ni wa humu.

Awe mwangalifu pia asiite NFD yote "Kaskazini Mashariki". Mkoa huo uliundwa 1963 ukiwa na Garissa, Wajir na Mandera. Isiolo, Marsabit na Moyale, zilizokuwa NFD vilevile, zilitiwa Mkoa wa Mashariki.

Shifta ni neno la Kiamhari, maana yake jambazi au mwasi wa porini. Tumeshalipokea, na wingi wa mashifta umezoeleka, kwa hiyo usilikate. Ila waliobeba silaha wakitaka kuungana na Somalia hawakujiita hivyo. Jina walipewa na serikali, na baadaye likamwangukia hata mfugaji aliyekuwa na ngamia wake tu. Kwenye insha ya historia ningependa kusoma "watu walioitwa shifta".