Shira yenye harufu: epua mapema, kisha funika

Mtu akitengeneza shira ya iliki ikatoka tamu tupu, haraka yake ni kuongeza iliki. Mimi huuliza kwanza: uliitia wakati gani, na ilikaa motoni kwa muda gani? Mara nyingi kiungo kilitosha kabisa. Harufu ndiyo iliyopaa na mvuke, ikajaa jikoni, na chupani ikabaki sukari.

Ndiyo maana kazi hizi mbili nimezitenga. Moto ni wa kuyeyusha sukari. Harufu huachiwa muda, sufuria ikiwa imeepuliwa na kufunikwa.

Msingi wenyewe ni mwepesi. Shira nyepesi ni sukari na maji sawa kwa sawa: gramu 200 kwa gramu 200, unapata kiasi cha mililita 320. Shira nzito ni gramu 400 za sukari kwa gramu 200 za maji. Pima kwa mizani. Chemsha maji, tia sukari, koroga mpaka yaangaze, epua. Ukiiacha itokote, maji yanapungua na kipimo chako kinaharibika. Shira nzito ndiyo inayoumia zaidi, maana katika joto la kawaida maji hubeba sukari ya takriban mara mbili ya uzito wake tu. Yakipungua kidogo, chembe za sukari zinaota chupani. Matone machache ya limau wakati wa kuchemsha husaidia, kwa sababu asidi huivunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauoti chembe upesi.

Utamu wa kazi hii uko kwenye viungo, na kila kimoja kina tabia yake. Mdalasini ni gome, hutoa ladha polepole na hauogopi moto. Vijiti vyake navichemsha kwenye maji matupu dakika 10 hadi 15, nachuja, napima maji yaliyobaki, ndipo natia sukari kulingana na kipimo hicho. Iliki ni kinyume chake: iponde, itie baada ya kuepua, funika nusu saa. Karafuu itumie kwa hofu. Punje tatu au nne zinatosha shira ya gramu 400, na uionje kila baada ya dakika tano, kwa sababu ikizidi hutia ganzi ulimini na kufunika kila kitu. Mnanaa usubiri shira ipungue moto, ukae dakika 15, kisha utoke. Ukikawia humo unaleta ladha ya nyasi.

Tangawizi inakupa hiari. Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na gingeroli, na ikipikwa sehemu ya gingeroli hiyo hugeuka zinjeroni, ambayo ni ya upole zaidi. Ukitaka shira inayowasha koo, ikune, ikamue, utie maji yake shira ikishapoa. Ukitaka ya upole, chemsha vipande.

Kwa limau na chungwa ninayo njia ninayoipenda kuliko zote. Menya ganda la juu tu, weupe wa ndani uuache kwa sababu ni mchungu. Lisugue kwa vidole ndani ya sukari kavu, ufunike usiku kucha. Asubuhi sukari itakuwa imelowa mafuta ya ganda. Mimina maji ya moto, koroga, chuja. Harufu yake ni ya tunda lililomenywa sasa hivi, na sijaipata kwa kuchemsha.

Matunda laini nayo yaponde na sukari, yalale kwenye friji, uyachuje. Ukiyapika yanakuja na ladha ya jamu, ambayo ni kitu kingine.

Kwenye kinywaji baridi shira huishinda sukari kavu kwa mbali, kwani imeshayeyuka, haibakizi chembe chini ya glasi. Anza na mililita 15 kwa glasi ya mililita 250, uionje ikiwa na baridi ile ile utakayoinywea, maana baridi hupunguza utamu ulimini. Anayehesabu sukari ajue kwamba mililita 30 za shira nyepesi zina karibu gramu 18 za sukari, na za nzito karibu gramu 27.

Kwenye maziwa kuwa mwangalifu. Shira ya limau, pasheni au rozela ina asidi inayokata maziwa, na maji ya tangawizi mbichi huyagandisha yakiwa ya moto. Kahawa ya maziwa ipe mdalasini, iliki au vanila.

Keki ipakwe shira nyepesi kwa brashi ikiwa bado vuguvugu, kidogo kidogo, ukingoja inywe kabla ya kurudia. Ukiitia kwenye mchanganyiko wenyewe, kumbuka kwamba gramu 100 za shira nyepesi ni gramu 50 za sukari na gramu 50 za maji, hivyo punguza sukari na maziwa ya keki kwa viwango hivyo.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa dakika 10, ndani ya friji. Nyepesi naimaliza ndani ya mwezi, nzito hukaa zaidi, ya matunda nainywa wiki hiyo hiyo. Ukiona ukungu, utando au mapovu, imwage yote. Kuengua juu hakutoshi. Majani na maganda yasibaki chupani hata yakipendeza macho, kwa sababu huharakisha kuoza. Vipande vya tangawizi vilivyochujwa usivitupe: vikatekate vidogo uvitie kwenye keki au mtindi.