Uliza Mwalimu: "Get down" si "shuka" kila mara

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpagazi wa mlimani, naishi Moshi, na mwaka huu nasomea uongozaji wa watalii. Msimu uliopita tulikuwa kwenye ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kule Kilimanjaro. Mgeni mmoja akapanda juu ya jiwe lenye utelezi apige picha. Nikapaza sauti: "Get down! Get down!" nikimaanisha ashuke. Yeye akachuchumaa pale pale juu ya jiwe, akajifunika kichwa kwa mikono. Ikabidi kiongozi wetu amwite kwa maneno mengine ndipo akashuka. Nilikosea wapi? Na kwa nini Kiingereza kina "up", "down", "into", "over" chungu nzima, wakati sisi tukisema "shuka" imetosha?
*Mpagazi, Moshi*

Marahaba mwanangu. Pole kwa mshtuko, na namshukuru Mungu mgeni alishuka mzima.

Sarufi yako haikuwa na kosa. Mtoto aliyepanda juu ya meza huambiwa "get down" hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba maneno hayo yana maana mbili: kushuka, na kuinama au kulala chini usije ukadhurika. Mtu yuko mlimani, anasikia sauti ya hofu, na maana ya pili ndiyo inayomjia kwanza. Alidhani mawe yanaporomoka. Siku nyingine mwambie "Come down here, slowly", au "Climb down". "Come" inamwita aje ulipo wewe, na "climb" inamwambia atumie mikono na miguu. "Get down" iwekee akiba siku jiwe litakapoporomoka kweli.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha mezani jioni nzima, maana miaka yangu yote ya kufundisha Tanga sikuona jambo linalowasumbua wanafunzi kuliko hilo. Nilikuwa nalifundisha kwa sisimizi. Namwaga chembe za sukari upande mmoja wa meza, katikati naweka rula, raba na kasha tupu la kiberiti lililo wazi pande zote mbili. Wanafunzi wanaizunguka meza kimya. Sisimizi akishatokea, namwambia mmoja anieleze kwa Kiswahili anachokiona. "Anafuata rula. Amevuka raba. Ameingia kwenye kasha. Ametoka. Anashuka mguu wa meza." Hesabu vitenzi: fuata, vuka, ingia, toka, shuka. Ni vitano, na kila kimoja kina njia yake tumboni.

Kisha tunaandika ubaoni kwa Kiingereza: "The ant walked along the ruler, over the rubber, into the matchbox, out again and down the table leg." Kitenzi ni kimoja tu, "walked", toka mwanzo hadi mwisho. Njia yote imebebwa na vile vineno vidogo ulivyoniuliza.

Na kule kutembea, kwenye Kiswahili kuko wapi? Hatukukutaja kabisa. Tukitaka kutaja namna ya mwendo tunaiongeza pembeni: aliingia akitambaa, alivuka mto kwa kuogelea, alitoka mbio. Mwingereza huanzia upande wa pili. Namna ya mwendo ndiyo anayoifanya kitenzi, njia akaiachia kihusishi, yaani kile kineno kidogo: "crawled into", "swam across", "ran out". Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, aliueleza mgawanyo huu mwaka 1985 akilinganisha Kiingereza na Kihispania, na katika jambo hili Kihispania kiko upande wetu.

Kwa hiyo ukitafsiri, yabadilishane mahali yale maneno mawili. "Alivuka mto kwa kuogelea": kuogelea kuwe kitenzi, kuvuka kuwe kihusishi, unapata "He swam across the river". Ukuta wa Barranco mnaupanda kwa mikono na miguu: "We scramble up the wall." Kutoka jabali la Lava Tower, mita 4,600, mnashuka kwa miguu hadi kambini: "We walk down to the camp." Wapagazi wenzako wakiwapita mbio na mizigo kichwani: "They ran past us."

Hilo "pita" liangalie sana, mwanangu. Kwetu unapita msituni, unapita darajani, unampita mtu njiani, neno ni moja. Kiingereza kinataka ujue mahali penyewe pakoje. Msitu umekuzunguka kila upande, basi ni "through the forest". Daraja liko chini ya nyayo zako na unalikata toka ukingo hadi ukingo, ni "across" au "over the bridge". Mtu umemwacha nyuma, ni "past him".

Kiambishi chetu -ni nacho kinatuponza. Naenda sokoni, natoka sokoni, niko sokoni: "sokoni" haibadiliki, kwa kuwa kitenzi kimeshamaliza kazi. Kwa Kiingereza ni "to the market", "from the market", "at the market". Ndiyo maana mwanafunzi mwerevu kabisa anaandika "I am going at the market" na haoni kasoro yoyote. Kwenye lugha ya mama yake haipo.

Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita kakatwa alama kwa kuandika "entered into the classroom" na "returned back home". Nilidhani kuingia lazima kuwe na "into". Nani ana haki?
*Mama wa Mombasa*

Mwalimu wake ana haki, lakini mtoto naye ana sababu yake, na natamani angeelezwa. "Enter", "return" na "descend" ni maneno ya asili ya Kifaransa. Mengi ya namna hiyo yalimiminika katika Kiingereza baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Kifaransa huweka njia ndani ya kitenzi, kama sisi. Basi "enter" ni "ingia" yetu hasa, na ukiiongezea "into" umesema kuingia mara mbili. "Return" nayo ina kurudi ndani yake, "back" ya nini tena?

Mwanao aandike "entered the classroom" na "returned home". Akitaka kuandika kama watu wanavyosema kila siku, "went into the classroom" na "went back home" ni bora zaidi. Aone pia kwamba "home" haitaki "to": ni "go home", "come home", "run home". Na siku akikuta "enter into an agreement" kwenye gazeti asishangae. Pale hakuna mlango wala chumba, ni watu wanaofunga mkataba.

Kinachoniuma ni wino mwekundu usio na maelezo. Watoto wetu hukimbilia "enter" kwa sababu ndilo neno linalofanana na lugha yao. Akielezwa hilo mara moja, halirudii kosa.

Shikamoo Bi Mwalimu. Nalea watoto wa watu Muscat, na nyumbani humu tunazungumza nao Kiingereza. Juzi nilimwambia mkubwa "Throw the ball at your brother", akamlenga mdogo wake usoni. Mimi nilitaka amrushie tu.
*Msomaji, Muscat*

Marahaba binti yangu. Mtoto alikutii neno kwa neno. "At" ni ya kulenga shabaha, "to" ni ya kumfikishia mtu apokee. Kwetu "mrushie mpira" na "mrushie jiwe" ni kitenzi kile kile, nia inajulikana kwa kile kinachorushwa. Kwa Kiingereza nia iko kwenye kihusishi: "throw the ball to him", "throw a stone at him".

Usidhani lakini Kiswahili hakina ufundi huo. Alimkimbia mama yake, alimkimbilia mama yake: silabi moja imegeuza mwendo wote. Ya kwanza ni "ran away from his mother", ya pili "ran to his mother". Vivyo hivyo alimruka mbwa na alimrukia mbwa, "jumped over the dog" na "jumped on the dog".

Na kwa kuwa uko na watoto, shika na hii. "I shouted to him" ni kwamba ulipaza sauti ili akusikie. "I shouted at him" ni kwamba ulimfokea. Kama ulimwita tu kutoka jikoni aje kula, na mama yake akikuuliza jioni, mjibu kwa "to".