Barua kwa Mwanangu Aliye Kanazawa, Japani

Magomeni, Dar es Salaam
Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia sote. Umeniuliza: likitokea tetemeko jingine, unieleze kila kitu kama kilivyo, au uniambie tu kwamba u mzima, presha isije ikanipanda? Leo siku ya nne ninalo swali lako. Kila nikianza kulijibu, najikuta kwa bibi yako.

Siku ile ya Mwaka Mpya nilikuwa nakuna nazi. Saa 4:10 asubuhi kwetu, saa 10:10 jioni kwenu, ardhi ya rasi ya Noto, kaskazini mwenu, ikatikisika kwa kipimo cha 7.6 na sisi huku hatuna habari. Kabla ya saa sita ukaandika: "Mama, mzima. Tumepanda mlimani, wametangaza tsunami. Usiogope." Nikamshukuru Mungu, nikarudi jikoni, tukala wali tukicheka. Mwezi mzima ukapita, ndipo mdogo wako akaropoka kwamba ulikatwa na kioo mguuni, ukashonwa, na usiku ule ulilala kwenye sakafu ya ukumbi wa shule pamoja na watu usiowajua. Sikukugombeza, wala sikugombezi leo. Lakini ule wali kila nikiukumbuka unanikaba.

Unanijua. Miaka yote nasema habari ya mtu ni mali yake, apewe. Ila kuna siku nilimnyima mwenye mali, na mwenyewe alikuwa mama yangu.

Wewe ulikuwa darasa la tatu, labda unakumbuka majirani walivyojaa uani. Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, siku ya lile tetemeko kubwa la Japani. Mjomba wako yuko Sendai, hukohuko. Na mjomba wako si mtu wa kusubiri kupigiwa: Desemba 2004, wimbi lililotoka Sumatra lilipovuka bahari nzima likafika hadi hapa Dar na kuua watu waliokuwa wakiogelea, yeye ndiye aliyetupigia kutoka huko, anatuuliza kama tupo salama. Kwa hiyo aliponyamaza yeye, bibi yako akaelewa kabla yetu.

Tetemeko la 9.0 lilipiga saa 2:46 asubuhi ya kwetu. Mchana kwenye televisheni ya jirani tukauona uwanja wa ndege wa Sendai umegeuka bahari. Nikapiga simu mpaka vocha zikaisha, nikakimbia Kariakoo kwenye intaneti kafe nikatuma barua pepe. Kimya. Jumamosi wakaonyesha mtambo wa nyuklia wa Fukushima ukilipuka. Bibi yako akaacha kula. Alikaa mkekani na tasbihi mkononi, simu imelazwa kwenye khanga mapajani, hataki mtu aiguse.

Jumapili jioni nikaona mama yangu atanifia. Nikatoka uani na simu yangu, nikasimama kidogo karibu na bomba, nikarudi ndani. Nikasema, "Kaka kapiga. Mzima. Anasema ule."

Akaniuliza neno moja tu: "Mbona hakutaka kuongea na mimi?"

Nikasema salio lake limekwisha. Akanitazama. Akasema, "Haya." Akala uji, akalala mpaka alfajiri.

Jumanne mjomba wako akapiga kweli, kwa simu ya kuazima. Bibi akalia, akacheka, kisha nikamsikia akisema, "Si ulipiga Jumapili?" Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu akinipa simu bila kunitazama.

Hakunigombeza. Ningetamani angenigombeza. Ila tangu siku ile mpaka anafariki, kila nikimletea habari njema aliniuliza, "Umesikia mwenyewe, au unanihurumia?" Hata ulipofaulu la saba, mwanangu. Hata siku hiyo aliuliza.

Sasa utaniambia: basi jibu si hilo? Ngoja kwanza. Siku mbili zile bibi yako alikula. Alikuwa mtu wa sukari, tumbo tupu lingemmaliza. Nani alimlisha kama si uongo wangu? Nikifika hapo narudi nyuma, nasema labda ningetenda vilevile. Halafu nakumbuka lile swali lake. Habari ya mtu ni mali yake. Nilimpa usiku mmoja wa usingizi, na yeye akanilipa kwa miaka yote ya kutoniamini.

La kujua ni hili, amenieleza mjomba wako. Tetemeko likipita, minara inakosa umeme, na kampuni za simu zenyewe hubana simu za sauti ili zile za dharura zipite. Usihangaike kunipigia. Andika ujumbe mfupi, huo hupenya kwa urahisi zaidi. Na kuna ile namba ya kwao, 171: unaacha sauti yako, na ndugu aliye Japani anaisikiliza akiingiza namba yako. Mwachie mjomba wako sauti, yeye atanitafuta. Mkubaliane leo namba ipi mtaitumia, msingoje siku yenyewe.

Hukumu siitoi. Ulimi unaniwasha, nimeandika mstari nikaufuta mara mbili. Wewe ndiye utakayekuwa kwenye baridi na vioo, mimi niko hapa na nazi yangu, siwezi kukupangia maneno ya kuandika mikono ikitetemeka. Labda siku hiyo "mzima" ndilo neno pekee litakalokutoka, na nitalipokea. Lakini kesho yake, mwanangu? Kesho yake bado utaninyima?

Mguu unaendeleaje? Nipigie picha ya hilo kovu, unitumie. Nataka kuliona.

Mama yako