Maswali ya Wasomaji: Majina Yanayojirudia katika Lahajedwali Kubwa

SWALI: Nimeunganisha orodha za wanachama kutoka mafaili kadhaa, na sasa nina lahajedwali moja la Excel lenye mistari inayokaribia 80,000. Nilitumia amri ya kuondoa marudio nikiwa nimechagua safu zote, lakini watu wengi wakabaki mara mbili. Niliporudia kwa safu ya jina peke yake, wakafutwa wanachama ambao najua kwa hakika kuwa ni watu tofauti. Nifanyeje?

JIBU: Amri hiyo, ambayo imo katika Excel tangu toleo la 2007, ilifanya kile hasa ulichoiagiza mara zote mbili. Ukichagua safu zote, mistari miwili huhesabiwa kuwa marudio pale tu inapolingana katika kila seli. Kwa hiyo mwanachama aliyebadilisha anwani, au ambaye tarehe yake iliandikwa kwa mtindo mwingine katika faili la pili, huonekana kuwa mtu mpya. Ukichagua jina peke yake, watu wasiojuana hugeuzwa mtu mmoja. Kabla ya kubofya chochote, basi, amua ni kitu gani kinachomtambulisha mtu katika orodha yako. Namba ya uanachama, ikiwapo, ndiyo bora. Isipokuwapo, jina likiambatana na tarehe ya kuzaliwa litafaa kwa kiasi kikubwa, ingawa si kikamilifu.

Kisha zisafishe safu hizo za utambulisho. Chukua seli mbili zinazosomeka "Asha Juma". Kwa macho hazina tofauti yoyote, lakini ukizipima kwa fomula ya LEN, moja inatoa 9 na nyingine 10, kwa kuwa aliyeingiza jina la pili aliacha nafasi moja mwishoni. Kwa Excel, hao ni watu wawili. Fomula ya TRIM huondoa nafasi za mwanzoni, za mwishoni na zile zilizozidi katikati, lakini haiigusi nafasi isiyokatika, yenye msimbo 160, ambayo mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti. Hiyo haina budi kugeuzwa kwanza kuwa nafasi ya kawaida: =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")). Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue, kwani hapa huhesabiwa kuwa sawa. Namba ndizo zinazotaka uangalifu: 457 iliyoingizwa kama namba na 457 iliyohifadhiwa kama maandishi hazilingani kwa alama ya =, na katika kupanga kwa kawaida hutenganishwa, namba zote zikitangulia na maandishi yakifuata.

Baada ya hapo, panga. Ongeza kwanza safu ya namba za mfululizo ili uweze kuurudisha mpangilio wa awali, kisha panga kwa ngazi mbili: namba ya uanachama, halafu tarehe ya taarifa kuanzia ya karibuni kabisa. Ngazi hii ya pili ndiyo inayopuuzwa mno, ilhali ndiyo inayoamua nani abaki, maana amri ya kuondoa marudio huuacha mstari wa kwanza inaoukuta na kufuta inayofuata. Usipopanga, huenda ikabaki anwani ya zamani na ile mpya ikapotea. Excel ikikuuliza kama ipanue eneo ulilochagua, kubali. Ukikataa, safu moja itapangwa peke yake na majina yataangukia namba za watu wengine.

Mimi nisingefuta moja kwa moja, bali ningeweka alama. Katika safu tupu, andika =IF(A2=A1,"marudio","") na uinakili hadi chini; kisha nakili safu hiyo na uibandike mahali pale pale kama thamani tu, kwa sababu fomula hutegemea mstari ulio juu yake na itabadili majibu mara utakapopanga upya. Chuja yenye alama, yapitie, ndipo ufute. Jihadhari na wasio na namba ya uanachama: seli tupu hukusanyika chini, na kwa kuwa tupu hulingana na tupu, karibu wote watapata alama.

SWALI: Nina mistari 100,000, na fomula ya COUNTIF ya kutafuta marudio inaigandisha kompyuta. Je, nikihifadhi faili katika muundo wa zamani wa .xls litakuwa jepesi?

JIBU: La, usifanye hivyo. Muundo wa .xls huishia mistari 65,536, wakati .xlsx hufika 1,048,576. Iliyozidi hapo haihifadhiwi. Mwaka 2020, ukomo huo ulichangia visa 15,841 vya korona nchini Uingereza kuchelewa kuingia katika takwimu.

Kuganda kunatokana na hesabu yenyewe. COUNTIF huipitia safu nzima kwa kila mstari, na 100,000 mara 100,000 ni ulinganisho bilioni 10. Safu ikiwa imepangwa, yanayofanana hukaa jirani, na fomula ya IF iliyotajwa hapo juu hulinganisha mara moja tu kwa kila mstari. Isitoshe, COUNTIF huzichukua tarakimu kama namba hata zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi, na Excel hushika tarakimu 15 tu; namba mbili za akaunti zenye tarakimu 16, zinazotofautiana katika ile ya mwisho, zitahesabiwa kuwa moja. Alama ya = haina kasoro hiyo, maadamu namba hizo ziliingizwa kama maandishi tangu mwanzo.